Tusimsingizie Mwenyezi Mungu: Vilima vya Ufipa na Kazi ya Mikono Yetu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, kilichonifanya nishike kalamu ni maneno niliyoyasikia barazani baada ya sala ya Alasiri. Kijana wetu mmoja, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, alikuwa amerudi kutoka Sumbawanga, na akawa anawasimulia wazee yale aliyoyaona. Alisema, "Nchi ile ya Ufipa ina baridi na ina neema, lakini Mwenyezi Mungu ameiumba tupu. Unatazama vilima mpaka jicho linachoka, ni nyasi tu, mti kuuona ni kwa bahati." Mzee mmoja akamjibu, "Mungu hakuiumba tupu, mwanangu. Watu wa bara ndio walioimaliza. Wale hawajui thamani ya mti." Watu wakacheka, kahawa ikaendelea kunywewa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Na kahawa ile, msomaji wangu, ilikuwa imechemshwa kwa mkaa, na mkaa ule ulitoka huko huko bara.

Nimezitia kauli mbili hizi mizanini, na zote mbili nimeziona zimepungua. Ya kwanza inamtwika Mola kazi iliyofanywa na waja wake. Ya pili inawatwika waja wengine, na kumtoa msemaji mwenyewe kama kwamba yeye hana mkono. Kauli hizi si za baraza lile peke yake. Tunazisikia majumbani mwetu, na watoto wetu wanazinywa kama maji. Kwa hiyo yafaa zijibiwe, na jibu lake tulitoe kwenye nchi ile ile iliyotajwa.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu katika mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Upande wa magharibi uwanda huo unateremka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki unaporomoka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Sehemu kubwa yake imepita kimo cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, na wenyewe hulifasiri jina hilo kuwa "tupa uchawi". Wenyeji ni Wafipa, wakulima hodari, na mkoa wao umo katika ile mikoa ya nyanda za juu za kusini inayolisha nchi nzima mahindi. Ugali unaoliwa Tanga na Dar es Salaam, huenda asili yake ni vilima hivyo hivyo tunavyoviita vitupu.

Sasa tuulize: je, nchi ile iliumbwa bila ya miti? Tazameni dalili.

Dalili ya kwanza ni mvua. Ufipa si jangwa. Mvua huanza kiasi cha mwezi wa Novemba na huendelea mpaka Aprili, na nchi yenye mvua kama hiyo haikatai mti. Ukipanda safu ya Mbizi, jirani na mji wa Sumbawanga, utaukuta msitu mbichi, wenye ukungu na chemchemi, na ndani yake wanaishi mbega wekundu, ndugu wa wale kima punju tunaowajua Jozani. Wataalamu wanauhesabu msitu ule kuwa ni mabaki ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi. Ikiwa Mbizi pana miti, na kwenye mabonde yaliyojificha pana miti, basi vilima vya wazi vilivyo jirani navyo vimevuliwa nguo. Havikuzaliwa uchi.

Dalili ya pili ni matanuri. Mpaka leo, katika sehemu nyingi za Ufipa, mtu anakutana na matanuri ya udongo yaliyosimama porini kama minara midogo iliyovunjika vichwa, na kando yake marundo ya mavi ya chuma. Wafipa huyaita malungu, na moja ni ilungu. Yaliyo marefu hufikia kiasi cha mita 3. Tanuri la namna hii halikuwa na haja ya mivukuto. Lilizungushiwa matundu chini, matundu yakatiwa mabomba ya udongo, na moto ulipowaka ndani, hewa ilijivuta yenyewe ikapanda juu kama ipandavyo katika dohani. Jiwe la chuma na makaa vilipangwa ndani kwa mafungu, moto ukakaa siku kadhaa, kisha chuma kilichopatikana kikapelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto kusafishwa, na mwisho kwa mhunzi kufuliwa majembe, mashoka na mikuki. Profesa Bertram Mapunda, mtaalamu wa Kitanzania wa mambo ya kale, aliichunguza kazi hii katika tasnifu yake ya mwaka 1995, akaonyesha kwamba haikuwa kazi ya mtindo mmoja wala ya zama moja. Palikuwa na aina mbalimbali za matanuri, zingine zimetangulia na zingine zimefuata.

Kazi ile ilichanganywa na dawa na mambo ya mizimu, na hayo Uislamu hauyakubali. Lakini ufundi wenyewe ni ufundi, na mwenye kuudharau ni mjinga. Basi jiulize, ndugu msomaji: tanuri la kimo kile linakula makaa kiasi gani? Na makaa yanatoka wapi kama si kwenye mti? Na kama matanuri yaliwashwa mwaka hadi mwaka, baba akamrithisha mwana na mwana akamrithisha mjukuu, je, msitu utasimama vile vile?

Dalili ya tatu ni moto wa kiangazi, jembe na ng'ombe. Mti mmoja uliokatwa huchipua tena ukiachwa, na Mwenyezi Mungu ameuwekea kisiki uhai wake. Lakini shamba likilimwa, kisha nyasi zikachomwa kila kiangazi, na mifugo ikapita juu ya machipukizi, kisiki kile hakipati nafasi. Shoka huondoa mti wa leo, na moto wa kila mwaka huondoa mti wa kesho. Hivyo ndivyo msitu unavyogeuka nyika, pole pole, pasiwe na mtu mmoja anayeweza kusema, "Mimi ndiye niliyeumaliza."

Na mkono wa mtu katika nchi zile ni wa kale mno. Kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, kusini mwa Ufipa, upo mto Kalambo, wenye maporomoko ya zaidi ya mita 200. Hapo wachimbuzi wamekuta dalili za wafua chuma waliokaa kabla ya Hijra ya Mtume wetu. Na mwaka 2023 wataalamu wakiongozwa na Larry Barham, wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walitangaza kwamba chini ya udongo wa kingo za mto ule wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na kwa hesabu yao umri wake haupungui miaka 476,000. Mwenye kutaka kujadiliana juu ya umri wa binaadamu na ajadili mahali pake. Qur'ani haikutupa tarehe. Mimi nashika jambo moja tu: gogo lile lina alama ya shoka la jiwe. Tangu zama hizo mti ulikuwa ukikatwa na kufanywa kitu.

Insafu inanilazimu niseme na upande wa pili. Si kila badiliko ni kazi ya mtu. Ziwa Rukwa, ambalo leo ni la kina kifupi na maji yake hupanda na kushuka, lilikuwa ziwa kubwa kabisa kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, hata maji yake yakamwagikia Ziwa Tanganyika. Hapana mtu aliyelijaza wala aliyelipunguza. Mvua za zama zile zilikuwa nyingi, kisha zikapungua kwa amri ya Mwenyewe. Kwa hiyo hatusemi kuwa binaadamu ndiye mwenye kuendesha ulimwengu. Tunasema kwamba Mwenyezi Mungu ameweka mvua na ukame, na pia ameweka mkono wa mtu kuwa ni sababu, na siku ya hesabu hatutaulizwa juu ya mvua. Tutaulizwa juu ya mkono.

Na hapa ndipo ninapomjibu kijana wetu. Ewe mwanangu, uliposema "Mungu ameiumba tupu", hukukusudia ubaya. Ulidhani unamtukuza Mola wako. Lakini kumtukuza Mungu si kumsingizia. Surat ar-Rum inautaja uharibifu uliodhihiri barani na baharini, na inauegemeza kwenye mikono ya watu. Haikusema ni maumbile, wala haikusema ni bahati. Tena aya ile haikuishia kwenye lawama. Imetaja pia marejeo, kwamba watu waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda wapate kurudi. Sasa mtu atarudi vipi kutoka kwenye kosa ambalo hakubali kuwa ni lake? Anayesema "ndivyo ilivyoumbwa" amejifungia mlango wa toba kwa mkono wake mwenyewe.

Na wapo wanaoitumia kadari kama mto wa kulalia. Wakiambiwa chemchemi inakauka, husema ni kadari. Wakiambiwa udongo unachukuliwa na mvua, husema ni kadari. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwa maana kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Huyo ni Umar. Basi sisi ni nani hata tukae vitako, tuutazame moto unakula kilima, tuseme tumetawakali?

Sasa nimgeukie mzee wetu aliyesema watu wa bara hawajui thamani ya mti. Mzee wangu, heshima yako iko pale pale, lakini hukuuliza jambo moja: baada ya miti kupungua, Wafipa walifanya nini? Walihama? Walikufa njaa? La. Walitengeneza njia ya kuishi na nyasi, na njia hiyo ni ilimu kubwa.

Wao wana kilimo cha matuta ya duara, wanayaita intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa bado mbichi, mkulima hulikata tabaka la juu la ardhi pamoja na nyasi zake, akaligeuza na kulirundika, nyasi ndani na udongo juu, mpaka uwanja mzima ukajaa vichuguu vilivyotengenezwa kwa jembe. Juu yake huweza kupanda maharage na mazao mengine madogo. Ndani ya tuta nyasi zinaoza, zinakuwa chakula cha ardhi. Mvua za mwaka wa pili zikija, tuta hubomolewa na kutandazwa, kisha hupandwa ulezi. Hakuna mti unaokatwa, wala hakuna majivu yanayohitajika. Roy Willis, mtaalamu aliyekaa na Wafipa katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1981, alieleza kwamba kilimo hiki ndicho kilichowawezesha kukaa katika vijiji vya kudumu, huku baadhi ya majirani zao wakihama kila baada ya miaka michache kufuata msitu mpya wa kuchoma.

Tazama basi! Watu wale wale ambao mikono ya wazee wao iliipunguza misitu, mikono yao hiyo hiyo ikalifufua shamba kwa nyasi zilizobaki. Hayo ndiyo marejeo yaliyotajwa, ijapokuwa hawakuisoma aya. Sheria yetu ina mlango mzima wa kuihuisha ardhi iliyokufa, na wanavyuoni wameandika mengi juu ya haki ya mwenye kuihuisha. Mfipa aliihuisha, na sisi tuliosoma mlango huo tunakaa barazani tunamcheka.

Ubaya wa dharau hii si maneno tu. Wakoloni wa Kiingereza nao waliwadharau wakulima, wakawalazimisha matuta ya mtindo wao kwa amri na faini, mpaka Uluguru ikazuka ghasia mwaka 1955. Mwenye kumdharau mkulima hujinyima kujifunza, kisha humtia mkulima katika taabu. Na leo vijana wengi wa bara wenyewe wanaziacha njia za wazee wao, wakitegemea mbolea ya dukani peke yake. Na bei ya mbolea ikipanda, ardhi yao inabaki na njaa. Dharau inaambukiza: mtu akichekwa sana kwa ajili ya hazina yake, mwisho huitupa.

Na sisi watu wa pwani, je, mikono yetu ni safi? Tunaitazama Unguja na Pemba tukasema "uzuri wa asili". Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa vile. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na ili upandwe, misitu ilifyekwa. Na mikono iliyofyeka, aghalabu ilikuwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara hiyo hiyo tunayoidharau. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ikapandwa tena. Mnazi wenyewe, tunaouona kama umeota pamoja na pwani, wazee wake walivuka bahari kutoka mashariki. Boriti za mikoko zilizoezeka nyumba za Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi zilikatwa katika mikoko yetu, Rufiji na Lamu, mpaka Kenya ikazuia kuzisafirisha nje mwaka 1982. Na misafara yetu ya karne ya 19, iliyopita Ufipa ikitafuta pembe, ilibeba nini kurudi nacho kama si ndovu wa nchi zile? Nyika isiyo na ndovu nayo ni nyika nyingine.

Kwa hiyo hapana upande uliotakasika. Nchi ni kama daftari. Kila kizazi kimeandika mstari wake, chetu nacho kinaandika, na wino wake kwa sasa ni mkaa.

Hapa ndipo penye kusudio langu. Mfipa wa kale alichoma mti akapata jembe, na jembe lile likalisha watu, likarithiwa. Sisi tunachoma mti tukapata nini? Birika la chai, na majivu yanayomwagwa uchochoroni. Sisemi kwamba mkaa ni haramu. Mungu aniepushe na kuharamisha alichokihalalisha. Wala simlaumu mama anayechoma maandazi alfajiri apate ada ya mtoto, kwani huyo hana hiari kubwa. Ninamsema mwenye hiari. Ninamsema mwenye nyumba ya ghorofa, mwenye uwezo wa mtungi wa gesi, lakini jiko lake la mkaa haliwahi kuzimwa kwa sababu ya mazoea tu. Ninazisema walima zetu, ambazo sufuria saba za pilau hupikwa na tatu zikatupwa. Isirafu ya wali tumeikataza mimbarini mara nyingi. Isirafu ya mti ulioupika wali ule hatujaitaja hata mara moja. Ninaisema na madrasa na vyuo vyetu vya bweni, vinavyopikia kuni kila siku bila ya kupanda hata mche mmoja uani.

Serikali ya Tanzania mwaka 2024 imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini mkakati wa serikali haumuondolei mtu hesabu yake mbele ya Mola wake. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, ni sadaka yake. Ametufundisha pia kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Mafunzo haya hayakuteremka kwa watu wa bara peke yao.

Basi nawausia mambo matatu. La kwanza, tusiwafundishe watoto wetu kwamba nchi tupu imeumbwa tupu. Tuwafundishe kuuliza: nani alipita hapa, na alifanya nini? La pili, tupunguze mkaa kwa kadiri ya uwezo wa kila nyumba, na mwenye uwezo aanze kabla ya kumnyooshea kidole asiye nao. La tatu, tuurejeshe wakfu wa miti. Wazee wetu waliweka wakfu minazi na visima kwa ajili ya misikiti. Sisi tunashindwaje kuweka wakfu ekari moja ya miti, ya kuni kwa madrasa na kivuli kwa wapita njia?

Kijana wetu atakwenda tena Sumbawanga msimu ujao, in shaa Allah. Nimemwomba akifika ateremke garini, amtafute mzee wa Kifipa amsalimu kwa adabu, amwombe amwonyeshe intumba na ilungu, kisha aje atusimulie barazani. Nimemwambia pia asiseme tena kwamba Mwenyezi Mungu ameiumba nchi ile tupu. Mwenyezi Mungu aliwapa watu nchi, na akatupa na sisi, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe ikiwa na hesabu zake.

Ewe Mola wetu, tusamehe yale ambayo mikono yetu imeyaharibu tukijua na tusipojua, na utujaalie tuwe katika wenye kurejea kabla ya kurejeshwa. Amin.